Mpaka Ubakie Pale Uko, Watu Warudi Kwenye Mashamba Yao

Wandugu na wadada wa Mugunga, wa Goma, wa Kivu ya Kaskazini yote, na ninyi munaosoma kutoka mbali,

Kwenye kartie yetu kuko mabishano yasiyoisha. Ukipita kwa wamotari wanaongoja klienti, ukipita mbele ya duka, ukitoka kanisani au musikitini, utasikia maneno mawili. La kwanza: "Huu mpaka na Rwanda ulichorwa mubaya, bauchore upya, njo vita itaisha." La pili: "Hapana, bafunge mpaka kabisa, bajenge ukuta, kila mutu abakie kwabo." Na kila mara picha za Gaza zinapoingia kwenye telefone, mabishano yanapata moto zaidi. Huyu anajiita Mupalestina, yule anajiita Muisraeli, sawa vile tuko tunaangalia mupira.

Mimi ni kijana wa Mugunga. Nilisoma, nikapata lisansi ya sayansi ya siasa, na tangu siku ile niko shomeri kama wengi wetu. Kazi sina, lakini muda wa kusoma mikataba ninao. Nimesoma hii ya kwetu na nimesoma ile ya Palestina, na ninaandika kusema kwamba wachora-mpaka wanakosea, na wajenga-ukuta nao wanakosea. Mpaka ubakie pale uko. Ubakie wazi kwa mwanainchi mdogo. Na amani ya huku tuipime kwa swali moja: mtu aliyekimbia, amerudia shamba lake bila kusukumwa, na bila mwingine kufukuzwa ili yeye arudi?

Nitaeleza pole pole, juu jambo hili linatugusa wote.

MPAKA HUU ULITOKA WAPI

Watu wengi wanasema "Berlin". Mkutano wa Berlin wa 1884-1885 haukuchora Kivu hii tunayoijua. Mstari wa ziwa letu na wa volkano zetu uligombaniwa miaka mingi kisha, kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza, na walikubaliana Brussels mu 1910. Kisiwa cha Idjwi kikaenda kwa Wabelgiji, Gisenyi ikabakia kwa Wajerumani. Kwenye meza ile hakukukuwa Muhunde, hakukukuwa Munande, Muhavu, Muhutu wala Mututsi. Wazungu waligawanya fasi ambayo wengi wao hawajawahi kukanyaga.

Kwa hiyo anayesema mpaka huu ulichorwa bila sisi, anasema ukweli. Na maneno hayo hayakuanzia kwenye kartie. Mwezi wa kumi 1996, Rais wa Rwanda wa wakati ule, Pasteur Bizimungu, alionyesha karte ya Rwanda ya zamani na kuomba mkutano wa Berlin wa pili. Tarehe 15 mwezi wa ine 2023, akiwa Cotonou kule Benin, Rais Paul Kagame alisema kwamba mipaka ya wakoloni iliacha sehemu kubwa ya Rwanda inje, upande wa mashariki ya Kongo na upande wa Uganda.

Lawama kwa wakoloni tunaikubali. Kule lawama hiyo inataka kutupeleka, njo tunakataa. Sababu ziko tatu.

Ya kwanza ni ahadi. Mwezi wa saba 1964, marais wa Afrika walikutana Cairo na wakaahidi kuheshimu mipaka ile kila inchi ilikuwa nayo siku ya uhuru. Hawakusema ni mizuri. Walijua ikikubalika kuguswa mmoja, hakuna inchi ya Afrika italala usingizi. Somalia na Moroko walikataa ahadi ile, na tunajua ni vita ngapi zilifuata upande wa Ogaden na upande wa Sahara. Rwanda yenyewe inaishi chini ya ahadi hiyo, sawa na Burundi, sawa na Uganda.

Ya pili ni historia. Ufalme wa zamani haukukuwa na mstari na bariera. Mwami alikuwa na nguvu karibu na kwake, na nguvu ile ilipungua kadiri unavyokwenda mbali. Kuko vilima vilivyotoa ushuru mwaka mmoja, na mwaka unaofuata vikakataa. Kama tunachukua siku ile mwami mmoja alifika mbali zaidi na kuifanya karte ya leo, basi kila kabila litaleta karte yake. Wanande watasema ndugu zao Wakonjo wako Uganda, na ni kweli. Wahavu watakuwa na yao, Wahunde na yao. Tutamaliza lini?

Ya tatu ni damu. Mwezi wa sita 2014, askari wa Kongo na wa Rwanda walirushiana masasi upande wa Kibumba, juu ya kilima kidogo ambacho kila upande ulisema ni chake. Watu walikufa, na wataalamu wa eneo wakaja kupima. Kama kilima kimoja kinaleta makaburi, fikiri mwenyewe bei ya kusogeza mstari wa jimbo zima. Na ukisogeza mstari, umewauliza watu wanaolala juu yake? Mutu wa Kibumba, wa Bunagana, wa Idjwi, nani alimuuliza anataka kuamka kwenye inchi gani?

NA NINYI MUNAOTAKA UKUTA

Wengine kati yetu, kwa uchungu, wanasema tufunge. Uchungu huo ninauelewa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mu 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3.000 na 4.000 walikuwa ndani ya Kongo pamoja na M23. Kigali inakanusha, inasema ilichukua tu hatua za kujilinda. Mtu aliyezika mutoto wake hapa Mugunga hana haja ya kusoma ripoti ile ili akasirike.

Lakini tuulize: ukuta utamufunga nani? Koltani ya Rubaya haipite Petite Barrière ndani ya kitunga cha mama. Bunduki hazipite na jetoni. Zina barabara zao na zina watu wao wakubwa. Atakayefungwa ni mama mwenye kuuza vitambaa Gisenyi asubuhi na kurudi jioni na viazi na maziwa. Kabla ya magonjwa na vita kubana njia, makumi ya maelfu ya watu walivuka kila siku kwenye bariera ile moja. Nyumba mingi za Goma zinakula kile kilichovuka jana.

Tulionja kidogo mu 2022. Mwezi wa sita, kisha askari mmoja wa Kongo kuuawa upande wa Gisenyi, bariera zikaanza kufungwa saa tisa ya mchana. Vita ilisimama? Bunagana ilikuwa imekwisha kuanguka siku chache kabla, na vita iliendelea kushuka mpaka ikafika hapa kwetu. Waliolala njaa ni wale walikuwa wanahesabia masaa matatu ya mwisho ya soko.

Tena tukumbuke Nyiragongo. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021, lava iliposhuka, watu wa Goma walikimbilia wapi kwa wingi? Upande wa Gisenyi, usiku, na batoto mugongoni. Na watu wa kule walitupokea. Inchi zetu zinaweza kugombana, lakini mlima hausome karte.

Kulikuwa hata na chombo cha kuishi pamoja. Mu 1976, huko Gisenyi, Zaire, Rwanda na Burundi zilianzisha CEPGL, jumuiya ya inchi za maziwa makubwa. Kwa njia yake watu wa mipakani waliweza kuvuka na karatasi ndogo, bila pasipoti ya bei kali. Walichora mpaka, kisha wakaufanya kuwa mlango. Tunataka mlango huo, wenye askari wa kisheria na wa forodha wasiokula franga za bamama.

PALESTINA INATUFUNDISHA NINI

Sasa turudi kwenye zile picha za Gaza. Sitaki tuzitumie kama jezi ya timu. Tuzisome kama somo, juu kuko mambo yanafanana na mengine yako tofauti kabisa.

Tofauti kubwa ni hii: kule mpaka wenyewe haujakubaliwa. Mu 1947 Umoja wa Mataifa ulipendekeza kugawanya inchi mara mbili. Viongozi wa Wayahudi walikubali, Waarabu wakakataa, vita ikalipuka. Wapalestina karibu 700.000 walikimbia au wakafukuzwa, na mpaka leo kuko familia zinazotunza funguo za nyumba zilizoacha mu 1948. Mstari uliobakia mu 1949 ulikuwa wa kusimamisha vita tu. Mu 1967 Israeli ikauvuka, ikachukua Ukingo wa Magharibi, Gaza na Yerusalemu ya Mashariki. Tangu hapo wanabishana mstari wa kweli ni upi.

Kisha ikaja Oslo. Tarehe 13 mwezi wa tisa 1993, Yitzhak Rabin na Yasser Arafat walipeana mkono Washington, mbele ya Rais Bill Clinton. Dunia ilipiga makofi. Lakini tusome karatasi. Mambo matano makubwa, yaani Yerusalemu, wakimbizi, makao ya Waisraeli kwenye ardhi iliyochukuliwa, usalama na mipaka, yote yalisukumwa mbele. Walisema watayazungumzia kisha, ndani ya miaka mitano.

Miaka mitano haikuleta jibu. Wakati wakuu walikuwa wanasema "tutaona kisha", wengine hawakungoja. Waisraeli waliojenga Ukingo wa Magharibi walikuwa zaidi kidogo ya 100.000 wakati wa Oslo. Leo wanakaribia au wanapita 500.000, bila kuhesabu Yerusalemu ya Mashariki. Upande wa pili, Hamas na wengine waliokataa mapatano walilipua mabasi yenye raia. Rabin mwenyewe aliuawa mu 1995, na aliyemuua ni Muisraeli. Tarehe 7 mwezi wa kumi 2023 watu karibu 1.200 waliuawa kusini mwa Israeli na wengine zaidi ya 200 wakachukuliwa mateka. Vita iliyofuata Gaza imeua makumi ya maelfu ya Wapalestina na kubomoa miji mizima.

Mutu wa Mugunga anayeangalia mama wa Gaza akibeba godoro kichwani anajua uzito wa godoro lile. Na anayemuangalia muzee wa Israeli akingoja mateka wake anajua pia kungoja mutu asiyerudi. Huruma haichague bendera.

Somo ninalolichukua ni moja: mkataba unaoacha swali gumu kwa ajili ya kesho, unamwachia mwenye nguvu nafasi ya kulijibu kwa tingatinga na bunduki. Karatasi inapongoja, ardhi haingoje.

SWALI GUMU LA KWETU NI LIPI

Kwetu mpaka unajulikana. Hata mkataba uliosainiwa Washington tarehe 27 mwezi wa sita 2025, kati ya wakubwa wa mambo ya inje wa Kongo na Rwanda, unasema kila inchi iheshimu ardhi ya mwenzake. Swali letu gumu liko ndani ya mpaka, na lina vichwa viwili: nani ni mwanainchi, na shamba ni la nani.

Tuanze na uraia. Kuanzia 1937 Wabelgiji walihamisha watu kutoka Rwanda kuwaleta Masisi, kwenye mashamba yao ya kahawa na chai na kwenye migodi. Lakini tusisahau kwamba watu wenye kusema Kinyarwanda walikuwa wanaishi Bwisha, upande wa Rutshuru, hata kabla ya mstari wa 1910 kuchorwa. Kisha uhuru, serikali yetu ilicheza na watu hao. Sheria ya 1972 iliwapa uraia wale waliokuwa wanaishi Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikawanyanganya, ikasema kila mtu ajionyeshe kwamba babu yake alikuwa ndani ya Kongo mu 1885. Nani ana karatasi ya 1885? Mu 1993 Masisi iliwaka moto. Sheria ya 2004 ilirekebisha: makabila yaliyokuwa kwenye ardhi ya Kongo siku ya uhuru ni ya Kongo. Sheria iko vizuri. Lakini kwenye mudomo wa watu wengi, na wa wanasiasa wakati wa uchaguzi, ni sawa vile haijaandikwa.

Ninasema hili wazi, hata kama litakasirisha rafiki zangu: Mututsi wa Masisi ni Mukongomani. Muhutu wa Rutshuru ni Mukongomani. Kumufukuza, kumutukana kwenye telefone, kumuua juu ya pua lake, ni uhalifu na ni ujinga. Na ninasema pia kwa upande wa pili: hakuna kikundi cha bunduki kilichochaguliwa kuwa baba wa Watutsi wa Kongo. Bunduki inayosema inawalinda imewaongezea maadui, na imejaza kambi na watu wa kila kabila, Watutsi na Wahutu ndani yao.

Kisha ardhi. Sheria ya 1973 ilisema udongo wote ni wa serikali. Juu ya mashamba ya desturi, yale tuliyopewa na mwami na wazee, sheria ile ilisema rais atatoa amri ya kuyapanga. Amri ile haijatoka mpaka leo. Zaidi ya miaka 50! Kwa hiyo mkulima wa Masisi au wa Rutshuru analima shamba la babu yake bila karatasi, na siku anakimbia, mwenye bunduki au mwenye franga anaingia. Akirudi, anakuta ng'ombe za mwingine ndani ya maharagi yake. Njo vita inazaliwa tena, hata kama Washington na Doha wanakunywa chai.

MUGUNGA IMEONA PANDE ZOTE

Kama kuko fasi ambayo haina haki ya kusahau, ni hapa. Mu 1994, kisha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kule Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi Wahutu waliwekwa kwenye makoro haya ya Mugunga na karibu yake, na wauaji wakiwa wamejificha kati yao wakiwa na silaha. Dunia iliwalisha wote bila kuwatenganisha. Mu 1996 kambi ilivunjwa kwa vita. FDLR, ambayo Kigali inaitaja kila siku kama sababu, mizizi yake iko kwenye kosa lile la kutotenganisha muuaji na mukimbizi.

Kisha ikawa zamu yetu. Mu 2008 na mu 2012, Wakongomani wenyewe walikuja kulala kwenye makoro yale yale chini ya shitingi. Mu 2024 tena. Tarehe 3 mwezi wa tano mwaka ule, mabombe yalianguka kwenye kambi za wahamaji upande wa Mugunga na Lac Vert. Bamama na batoto walikufa. Kila upande ulisema "haiko sisi". Mpaka leo hakuna aliyesimama mbele ya hakimu.

Goma ilianguka mwisho wa mwezi wa kwanza 2025. Mwezi wa pili, watu wa kambi walipewa siku tatu watoke. Wengi walivunja vibanda kwa mikono yao, wakabeba miti na shitingi, wakapanda barabara ya Sake. Wengine walikuta nyumba imechomwa. Wengine walikuta shamba lina mwenye mpya. Wengine walirudi mjini kimya kimya, leo wanalala kwa jamaa, watu kumi ndani ya chumba kimoja. Kambi imefutika kwenye picha, lakini uhamaji haujaisha. Umeingia ndani ya nyumba zetu.

KARATASI TUNAZO, MINGI

Hesabuni pamoja nami: Lusaka 1999. Pretoria 2002. Goma, mwezi wa kwanza 2008. Tarehe 23 mwezi wa tatu 2009. Addis-Abeba 2013. Nairobi 2013. Luanda 2024. Washington mwezi wa sita 2025. Doha mwezi wa saba, tena Doha mwezi wa kumi na moja. Tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 2025, marais Tshisekedi na Kagame wakasaini Washington mbele ya Rais Donald Trump. Siku chache kisha, Uvira ikaanguka mikononi mwa M23.

Muangalie jambo hili: jina la M23 lenyewe ni tarehe ya mkataba, ule wa 2009. Huku mkataba uliovunjika unageuka jina la vita inayofuata.

Lakini sisemi tutupe karatasi hizi. Ule wa Doha wa mwezi wa kumi na moja ulipanga protokoli nane, na kati yao kuko ya uraia na kurudi kwa wakimbizi na wahamaji. Njo ile hasa. Hofu yangu ni ya Oslo: wataanza na migodi, barabara na biashara, juu hayo yana wateja, na swali la shamba la mama wa Kitshanga litawekwa mwisho, mpaka ardhi ikuwe imekwisha kugawanywa na wenye nguvu.

TUNAOMBA NINI

Kwa serikali ya Kinshasa: tumikisheni sheria ya uraia ya 2004 bila aibu, na muadhibu maneno ya chuki hata yakitoka kwa mubunge wenu. Toeni ile amri ya mashamba ya desturi ambayo inchi inangoja tangu 1973. Na muachane na FDLR kwa matendo.

Kwa serikali ya Rwanda: usalama wenu ni haki, na mauaji ya 1994 hakuna anayeruhusiwa kuyacheka. Lakini usalama wenu hauwezi kujengwa ndani ya nyumba zetu. Tosheni askari, kama azimio 2773 la Umoja wa Mataifa lilivyosema tangu mwezi wa pili 2025, na muache kuchezea karte za wafalme.

Kwa AFC/M23: munasema munataka wakimbizi wa Kongo warudi kutoka Rwanda na Uganda. Nasi tunataka warudi. Lakini anayerudi kutoka Kiziba au Nakivale arudi kwenye shamba lake, asipewe shamba la aliyekimbia jana. Musiguse mashamba ya watu ambao hawako. Na musisukume mtu kurudi kwa nguvu. Mkataba wa Kampala wa 2009, wa Umoja wa Afrika, unasema mhamaji anarudi kwa hiari yake, salama, na kwa heshima.

Kwa wapatanishi wa Qatar, Marekani na Afrika: protokoli ya kurudi kwa watu isiwe ya mwisho. Wekeni meza ya ardhi, na wahamaji wakaliwe humo, bamama wakiwa ndani. Tusijadiliwe kama mu 1910.

NA SISI VIJANA

Kuko watakaosema: "Wewe shomeri, utabadilisha nini?" Nitajibu na kazi moja ambayo haiombe visa wala banki kufunguliwa.

Tuchukue daftari. Kwenye aveni yako, tafuta familia zilizokimbia. Uliza kwa heshima, na kama wanakubali tu, andika: kijiji, kilima, shamba liko kati ya nani na nani, mto gani, miti gani ya kutenganisha, nani alilipa mwami, jirani gani anaweza kushuhudia. Tafuta jirani wa kabila lingine athibitishe, juu ushahidi wa kabila moja utapingwa. Usiweke majina haya kwenye intaneti, usiyapeleke kwa mwenye bunduki yeyote. Yatunzwe fasi salama, nakala moja ibakie kwa familia. Siku protokoli ya kurudi itaanza kufanya kazi, watauliza: nani anajua shamba hili? Kuko wazee ambao wako peke yao wenye kujua, na wazee hawa wanakufa kila mwezi kwenye vyumba vya kukopeshwa. Tusipoandika, wanazikwa na kilima chao.

Na kwenye mabishano ya kila siku, mutu akisema "tuchore upya", mumuulize: juu ya kichwa cha nani? Akisema "tufunge", mumuulize: mama yako atauza wapi? Akitukana kabila, musicheke naye.

Mpaka ubakie pale uko. Mlango ubakie wazi. Na mama wa Masisi, awe Muhunde, Muhutu au Mututsi, alale kwake na avune alichopanda. Kabla ya hiyo siku, tusiseme tuko na amani.

Kijana mwanainchi, kartie Mugunga, Goma